Siku Moja Hiroshima

*Nitakuwa Hiroshima kutwa moja. Sijui Kijapani, wala sili nguruwe. Nitatembeaje, nitakula nini? – Msomaji, Mombasa*

Ondoa hofu, ndugu msomaji. Stesheni kuu panda tramu namba 2: hupita kwenye Kuba lililosalia baada ya bomu la Agosti 6, 1945, kisha hufika Miyajima-guchi, penye feri ya dakika 10 hivi kwenda kisiwa cha Miyajima. Ukitumia pesa taslimu kwenye tramu, lipa unaposhuka.

Okonomiyaki, chakula maarufu cha hapo, ni kabichi, tambi na yai juu ya bamba la moto, aghalabu na nguruwe. Sema “buta nashi”, wataiacha nyama. Lakini bamba ni la wote, hupikiwa nguruwe pia. Ukitaka halali kamili, waulize wahudumu wa watalii stesheni. Kisiwani, jaribu chaza wa kuchoma.