Kuku kwa Watoto wa Miezi 6 hadi Miaka 3: Mwongozo kwa Wapishi na Walezi wa Vituo vya Kulelea Watoto Mchana

Mwongozo huu unawahusu wanaopika na kulisha watoto vituoni, na unaweza pia kumfaa dada wa kazi aliyeachiwa mtoto nyumbani. Shabaha yake ni moja: nyama ya kuku imfikie mtoto mdogo, iwe imeiva, haina mfupa, na haijashikwa na mkono wala chombo kilichogusa kuku mbichi.

Nyama, si mchuzi peke yake

Mtoto akifikisha miezi 6, akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa imepungua sana, na maziwa ya mama hayawezi kuifidia yakiwa peke yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23 unataka mtoto ale kila siku chakula kitokanacho na wanyama, kama vile nyama, samaki au mayai. Lakini katika vituo vingi mtoto humwagiwa mchuzi juu ya wali, na nyama yenyewe huliwa na wakubwa kwa hofu kwamba atapaliwa. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo mchuzi hubeba ladha zaidi kuliko lishe. Chuma na sehemu kubwa ya protini hubaki kwenye nyama. Dawa yake ni kuilainisha nyama, si kumnyima mtoto.

Paja lina chuma kingi kuliko kidari, na nyama yake haikauki haraka, kwa hiyo lianze hilo. Maini ya kuku yana chuma kingi zaidi na husagika vizuri, lakini yana vitamini A nyingi mno kwa mwili mdogo. Mara moja kwa wiki yanatosha. Firigisi ni ngumu na inateleza. Isipewe mtoto wa umri huu isipokuwa imesagwa.

Kuku anaponunuliwa

Anunuliwe kuku aliyechinjwa akiwa mzima. Mdondo ukipita mtaani, kuku wanaougua au waliokufa wenyewe huuzwa kwa bei ya chini, na kituo chenye bajeti ndogo hushawishika. Kuku wa namna hiyo asiingie jikoni kwa bei yoyote.

Mnunuzi aombe kuku akatwe kwenye maungio. Jambo hili ni dogo, na kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Panga linapopita katikati ya mfupa, huacha vijipande vyenye ncha ndani ya nyama, na hata mlezi makini hawezi kuviona vyote kwenye bakuli la wali. Muuzaji akishazoea kuwa kuku wa kituo hukatwa kwenye maungio, hatahitaji kukumbushwa.

Kuku aliyegandishwa ayeyushwe ndani ya friji, kwenye chombo chenye kingo kilichowekwa rafu ya chini kabisa, tangu siku iliyotangulia. Asiachwe juu ya meza usiku kucha. Umeme ukikatika, mlango wa friji usifunguliwe. Chakula kitadumu salama kwa takriban saa 4. Umeme ukichelewa zaidi ya hapo, kuku mbichi aliyekuwa kwenye friji atupwe.

Kumwosha kuku

Wapishi wengi tumelelewa tukiona kuku akioshwa kwa maji mengi na limau, na kutoosha huonekana ni uchafu. Lakini kuku mbichi hubeba vijidudu vya salmonela na kampilobakta, na maji ya bomba yanapompiga huvirusha hadi kwenye vyombo, kwenye kachumbari na kwenye nguo za mpishi. Limau haliviui. Kinachoviua ni moto. Kwa hiyo kuku aliyenyonyolewa vizuri aende sufuriani bila kuoshwa. Akiwa na damu au vinyoya, viondolewe kwa karatasi laini ya kutupa. Na pale ambapo maji hayaepukiki, azamishwe polepole kwenye beseni la maji yaliyotulia, mbali na chakula kingine. Kisha beseni na sinki visuguliwe kwa sabuni ya maji na kusuuzwa kwa maji yaliyotiwa dawa ya klorini.

Ubao na kisu cha kuku mbichi viwe vya kuku mbichi tu. Kituo kisichoweza kununua ubao wa pili kikate mboga na matunda kwanza, kuku awe wa mwisho. Mikono inawiwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, hata kama mtoto analia chumba cha pili. Mpishi wa kuku asimbebe mtoto wala asimbadilishe nepi mpaka chakula kikamilike. Mahali ambapo mtu mmoja hupika na kulea, kuku apikwe watoto wanapolala.

Kuiva

Kipimajoto cha chakula kikiwepo, kichomwe penye nyama nene bila kugusa mfupa. Kisome angalau nyuzi 74 za Selsiasi. Kisipokuwepo, kuku wa watoto achemshwe, asikaangwe wala kuchomwa, maana kwenye mafuta na mkaa nje huungua ndani kukiwa kubichi. Achemke mfululizo, mfuniko ukiwa juu, mpaka nyama iachie mfupa yenyewe na maji yake yasiwe na wekundu. Kuku wa kisasa hulainika mapema. Wa kienyeji huhitaji muda mrefu zaidi, na asiharakishwe, kwa kuwa nyama ngumu ndiyo inayompalia mtoto. Maini yaive hadi katikati.

Chumvi isitiwe kwenye sehemu ya watoto walio chini ya mwaka 1. Viungo vya dukani vya vipande au unga navyo vimejaa chumvi. Kitunguu, nyanya, karoti na tangawizi kidogo vinatosha.

Kuchambua na kulisha

Nyama ipoe kidogo, kisha ichambuliwe kwa vidole vilivyonawiwa, kwenye sahani pana na mahali penye mwanga. Ngozi, gegedu, kano na kila mfupa viondolewe. Mtu wa pili apitishe vidole tena kabla nyama haijachanganywa na chakula.

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 apewe nyama iliyosagwa au kutwangwa kwenye kinu safi, ikalegezwa kwa mchuzi wake, ndani ya viazi au ndizi zilizopondwa. Aanze na kijiko 1 au vijiko 2 vya chai, kisha aongezewe. Kuelekea mwaka 1, nyama ikatwe ndogondogo sana. Baada ya hapo, vipande laini visizidi ukubwa wa punje ya njegere. Soseji ya kuku, kwa umbo lake, inaziba koo la mtoto barabara. Isiwe kwenye orodha ya chakula. Mlezi asimtafunie mtoto nyama, kwani vijidudu vya kinywa chake vitampata mtoto.

Mtoto ale ameketi wima, mlezi akimtazama usoni. Akikohoa kwa nguvu, aachwe akohoe. Akishindwa kulia, kukohoa au kupumua, mlezi aite msaada na aanze hapohapo. Aliye chini ya mwaka 1 alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, apigwe mapigo 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Kisha ageuzwe, kifua kikandamizwe katikati mara 5. Aliyezidi mwaka 1 apigwe mgongoni mara 5, halafu mlezi amkumbatie kwa nyuma na kuminya tumbo juu ya kitovu, ndani na kwenda juu, mara 5. Irudiwe mpaka kitu kitoke. Kidole kisiingizwe mdomoni kutafuta kisichoonekana.

Mabaki na chakula cha nyumbani

Kuku aliyeiva asikae nje zaidi ya saa 2. Kwenye joto la zaidi ya nyuzi 32 ni saa 1. Kilichobaki kwenye bakuli la mtoto kitupwe, maana kijiko chenye mate kimeshapita humo. Kilichobaki sufuriani kigawanywe kwenye vyombo vifupi, kiingie friji mapema, kipashwe moto mara moja tu hadi kichemke, kiliwe kesho yake.

Wazazi waambiwe kwa upole siku ya kumsajili mtoto kwamba kuku aliyefungwa kwenye kontena saa 12 asubuhi hataliwa saa 7 mchana, isipokuwa awe amekaa kwenye friji ya kituo tangu alipofika. Hotpoti haibadilishi jambo hili; chakula huwa vuguvugu humo, na uvuguvugu ndio vijidudu vinaoupenda.

Mtoto akiharisha au kutapika, apewe maji yenye ORS na mzazi aarifiwe mara moja. Damu kwenye choo, homa kali, macho kuingia ndani au kukataa kunywa ni sababu ya kumpeleka kituo cha afya bila kusubiri jioni. Mpishi au mlezi anayeharisha asiingie jikoni mpaka zipite saa 48 tangu dalili zikome. Siku hizo alipwe, kwa sababu anayekatwa mshahara akiugua atakuja kazini akiumwa na hatasema.