SOMO LA UFUNDI: KUPIMA NA KUREKEBISHA NAFASI YA VALI ZA PIKIPIKI



Wengi wetu twaenda kazini kwa pikipiki. Mchuma chai, mkata miwa na mtu wa kiwandani, wote wajua ya kwamba zamu ya usiku ikiisha alfajiri, basi bado halijaanza safari. Pikipiki zetu nyingi ni kuukuu, zimenunuliwa mkononi mwa mtu mwingine. Zikitunzwa hudumu miaka mingi. Zisipotunzwa humla mwenyewe mshahara.

Mwenzetu mmoja wa shamba la chai alikuwa na pikipiki ya namna hiyo. Kila asubuhi injini iligonga kwa juu, ta-ta-ta, kelele ndogo isiyokwisha. Hakuipenda. Akaenda kwa fundi wa kando ya barabara, akamwambia, "Niondolee kelele hizi." Fundi hakuwa na kipimo. Akakaza skrubu za vali mpaka kelele zikaisha. Mwenzetu akarudi nyumbani amefurahi, injini inaunguruma taratibu kama cherehani iliyotiwa mafuta.

Baada ya majuma machache pikipiki ikaanza kukataa kuwaka asubuhi. Kilima alichozoea kukipanda kwa gia ya tatu akakipanda kwa gia ya pili, kisha kwa ya kwanza. Mwishowe haikuwaka kabisa. Kichwa cha injini kilipofunguliwa, vali ya moshi ilionekana imeungua ukingoni na kumeguka kama kisahani kilichoanguka. Alilipa vali mpya, gasketi na kazi ya kusaga kiti cha vali. Akatembea kwa miguu siku tatu, na siku moja akachelewa zamu, akakatwa mshahara.

Fundi yule hakukusudia ubaya. Alitenda alichoombwa. Kosa lilikuwa kudhani ya kwamba injini isiyogonga ndiyo injini nzima. Somo letu la leo ni kuondoa kosa hilo.

1. NAFASI HII NI NINI?

Injini ndogo ya pikipiki ya mipigo minne kwa kawaida ina vali mbili katika kichwa chake. Moja huingiza hewa na petroli, ya pili hutoa moshi. Kila vali hufungwa na springi na hufunguliwa na roka, yaani mkono mdogo wa chuma unaoigandamiza kwa juu. Vali ikiwa imefungwa, hapana budi pawe na nafasi ndogo sana kati ya ncha ya skrubu ya roka na ncha ya vali. Nafasi hiyo ndiyo tunayoipima.

Kwa nini iwepo? Kwa sababu vyuma hubadili urefu vinapopata moto, tena havibadiliki vyote kwa kiasi kimoja. Pasipo nafasi, roka yaweza kuizuia vali isikae barabara juu ya kiti chake.

Sasa tuangalie kazi ya vali ya moshi. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, vali hufunguka mara 3,000, yaani mara 50 kwa kila sekunde. Kila ifungukapo, moshi wenye moto mkali huipita. Inapofungwa hugusa kiti chake, na moto mwingi huhamia kwenye kiti hicho. Huo ndio wakati wake wa kupoa. Ikiwa imekazwa hata haigusi kiti vizuri, haipoi, na moto hupenya ukingoni mwake kama moto wa mchomeleaji. Hivyo ndivyo ilivyoungua vali ya mwenzetu.

Nafasi ikizidi, mambo ni tofauti. Vali hugonga, haifunguki kwa kadiri yake, nguvu hupungua kidogo, na roka na ncha ya vali hulika. Hayo pia ni mabaya na yafaa yarekebishwe. Lakini nafasi iliyozidi hukuita kwa kelele, nawe una wakati wa kuitika. Nafasi iliyopungua haisemi neno mpaka vali imekwisha kuharibika.

2. KIPIMO NI KIPI?

Tutumie mfano wa Honda CG125. Pikipiki hii ilitoka katikati ya miaka ya 1970. Waliobuni injini yake waliwafikiria watu wa nchi zenye vumbi na joto, ambako matengenezo mara nyingi huchelewa. Kwa hiyo hawakuweka kamu juu ya kichwa pamoja na cheni yake. Waliiweka chini, na roka husukumwa na fito mbili za chuma. Baadaye iliundwa pia Brazil na Pakistan, na viwanda vya China vimetoa injini nyingi za mfano huo.

Nafasi ya vali za CG125 ni milimita 0.08 kwa vali zote mbili, injini ikiwa baridi. Honda C70 na C90, ambazo kamu yake iko juu, ni milimita 0.05. Pikipiki nyingine zina vipimo vyake, na mara nyingine vali ya moshi hupewa nafasi kubwa kuliko ya kuingiza. Fuata kitabu cha pikipiki yako, usikisie kwa kutazama umbo la injini.

Ili ujue udogo wa kipimo hiki, karatasi ya kawaida ya ofisini ina unene wa karibu milimita 0.1. Basi 0.08 ni pungufu ya karatasi moja. Hakuna jicho wala kidole kinachoweza kuipima.

3. VYOMBO

Tayarisha fila, yaani vile vibati vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake. Spana za kufungulia vifuniko, plagi na nati za skrubu za vali. Bisibisi, au ufunguo mdogo wa mraba ikiwa skrubu zako zina kichwa cha mraba. Pamoja na kitambaa safi na petroli kidogo ya kusafishia. Petroli itumike nje, mbali na moto na sigara.

4. KAZI YENYEWE

Kwanza, acha injini ipoe. Bora ilale usiku kucha, kazi ifanyike asubuhi. Honda hutaka isizidi nyuzi joto 35.

Pili, zima swichi na uweke gia huru. Safisha vumbi na tope juu ya injini kabla ya kufungua chochote. Mchanga ukiingia ndani utafanya hasara kubwa kuliko ile uliyotaka kuizuia.

Tatu, ondoa plagi ili injini izunguke kwa urahisi, na uzibe tundu lake kwa kitambaa safi. Fungua mfuniko wa vali. Kisha fungua upande wa kushoto ili uione magneto. Injini nyingine zina vifuniko viwili vidogo vya kuzungusha. Nyingine hutaka mfuniko wote utolewe.

Nne, zungusha injini kwa spana kwenye nati ya magneto, kinyume cha mshale wa saa. Tazama vali ya kuingiza. Itashuka, kisha itapanda na kufungwa. Endelea polepole. Kwenye magneto utaona alama F, ambayo ni ya moto wa plagi. Ipite. Baada yake itakuja alama T. Iweke sawa na alama ya kwenye injini. Hapo pistoni iko juu kabisa, mwisho wa mgandamizo, na vali zote mbili zimefungwa.

Tano, hakikisha. Shika kila roka kwa vidole, uitikise. Vali ikiwa na nafasi, roka hucheza kidogo. Sasa sogeza magneto kidogo mbele na nyuma ya T. Roka zisisogee. Zikisogea, pistoni iko juu, lakini ni wakati wa kutoa moshi. Zungusha mzunguko mmoja kamili mpaka T irudi. Wengi hukosea hapa: alama T huja mara mbili, na moja tu ndiyo yetu.

Sita, pima. Ingiza kibati cha 0.08 kati ya skrubu na vali. Kipite kwa kukwaruza kidogo, kama karatasi inayovutwa chini ya kitabu chepesi. Kisha jaribu cha 0.10. Kisiingie. Ikiwa cha kwanza hupita na cha pili hukataa, acha kama ilivyo.

Saba, kama si sawa, legeza nati ya kufungia, geuza skrubu kidogo kidogo huku kibati kimo ndani, mpaka usikie mkwaruzo ule. Ishike skrubu isigeuke, ukaze nati. Usitumie nguvu za kuvunja. Skrubu hizi ni ndogo. Sasa pima tena, kwa maana nati inapokazwa mara nyingi huivuta skrubu na kubadili nafasi.

Nane, fanya hivyo hivyo kwa vali ya pili. Zungusha injini mizunguko miwili kamili, rudi kwenye T ile ile, upime zote kwa mara ya mwisho. Ndipo urudishe vifuniko na plagi, ukiangalia gasketi isiwe imepasuka, na kiasi cha oili kiwe sawa.

5. BAADA YA KAZI

Washa injini. Ukisikia mlio mwembamba wa vali, usirudi kukaza. Ni mlio wa nafasi uliyoipima mwenyewe.

Kama ulikuta vali imebana, ukairekebisha, na bado kiki ni nyepesi na injini haina nguvu, yawezekana vali imekwisha ungua. Skrubu haiwezi kuirudisha. Kichwa lazima kifunguliwe, na usiendelee kuiendesha mpaka ukingo umeguke na vipande vianguke juu ya pistoni.

Rudia kipimo kila baada ya kilometa 3,000 hivi, isipokuwa kitabu chako kisema vingine. Kila upimapo, andika katika daftari tarehe, kilometa, na nafasi uliyoikuta kabla ya kuigusa. Tuseme kila mara uliiacha vali ya moshi kwa 0.08. Safari hii umeikuta 0.07, safari iliyofuata 0.05. Nafasi inakwisha upesi zaidi, maana yake vali inazama katika kiti chake. Basi weka akiba ya fedha mapema, ufungue kichwa siku ya mapumziko uliyoichagua wewe, badala ya siku itakayochaguliwa na injini.

Daftari lina faida nyingine. Wako wenzetu wanaotumia pikipiki zao kwa kazi ya mwajiri, kupeleka barua au kuzungukia mashamba. Mazungumzo ya gharama za matengenezo yakija, mwenye kumbukumbu husikilizwa kuliko mwenye maneno matupu.

Fila moja yatosha watu wengi, maana kila mtu huihitaji kwa saa moja tu. Wenzi wa zamu moja waweza kuchanga na kuinunua, ikatunzwa na mmoja wao, imepakwa oili isishike kutu. Na ukienda kwa fundi, usimwambie, "Niondolee kelele." Mwambie, "Nipimie vali, injini ikiwa baridi, unionyeshe kibati."

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini vali iliyobana ni ya hatari kuliko inayogonga?
2. Alama T imekaa sawa, lakini roka zasogea ukigusa magneto. Ufanye nini?
3. Kibati cha 0.10 chapita kwa urahisi kwenye CG125. Nafasi imezidi au imepungua?
4. Kwa nini tunapima tena baada ya kukaza nati?

Someni pamoja, mmoja asome na wengine wajibu. Kisha nendeni penye pikipiki ya mmoja wenu iliyolala usiku kucha, mkaifungue.