Kisanduku Kitupu Si Sifuri

Mwalimu wa darasa anajaza alama za mtihani kwenye fomu ya mtandaoni. Kila mwanafunzi ana mstari wake, na ili seva ijue alama ipi ni ya nani, visanduku hupewa majina yenye namba: alama[0], alama[1], alama[2], hesabu ikianzia sifuri. Kabla fomu haijatumwa, skripti iliyo ndani ya kivinjari huvikagua.

Tuanze na jina. PHP ikipokea majina haya kwenye seva, huyapanga yawe orodha. Kivinjari hakifanyi hivyo. Kwake, mabano ni herufi tu kama nyingine. Ukiandika fomu.alama[0] katika JavaScript, unatafuta kisanduku kiitwacho alama, nacho hakipo. Andika fomu["alama[0]"], jina zima, utakipata. Wala usihesabu kuanzia 0 hadi idadi ya mistari: mwalimu akifuta mstari wa pili, namba 1 inatoweka na 2 inabaki palepale. Kusanya visanduku vyote ambavyo majina yao yanaanza na alama[ kisha uvipitie kimoja kimoja.

Sasa kilichomo. Kisanduku hutoa maandishi siku zote, hata kikionyesha 67, kwa hiyo lazima yageuzwe kuwa namba. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Ukiipa Number() maandishi matupu, inakurudishia 0. Mtoto aliyekuwa amelazwa siku ya mtihani, mwalimu akamwachia nafasi wazi, anaandikiwa sifuri, na hakuna onyo lolote. Hata kisanduku chenye nafasi tupu tu za kibodi huwa 0. Basi ondoa kwanza nafasi za pembeni, uliza kama kuna kilichobaki, ndipo ugeuze.

Neno "sabini" nalo hugeuka NaN, yaani kitu kisicho namba. NaN haiko chini ya 0 wala juu ya 100, hivyo ukisema "kataa iliyo chini ya 0 au juu ya 100", inapenya. Geuza sharti: kubali tu iliyo kati ya 0 na 100.

Onyo likae kando ya kisanduku husika na litaje jina la mwanafunzi, kwani alama[4] kwa mwalimu ni mstari wa tano. Seva nayo irudie ukaguzi wote, maana yeyote aliye mbele ya kompyuta anaweza kuizima skripti ya kivinjari.