Hajui Kuandika, Wanasema Akili Imekwisha

Mwanangu uliyeniandikia kutoka Mkalama, mama yako ana miaka 76 na hakuwahi kukaa darasani. Mlimpeleka hospitali kwa sababu anarudia maswali, wakampima kwa dakika kumi: aandike sentensi, aanze na mia atoe saba mfululizo, anakili maumbo mawili yaliyopishana. Akapata alama kidogo. Sasa kaka zako wanataka kuuza shamba lake la alizeti kabla "hajatapeliwa", nawe usingizi huupati.

Hebu wewe mwenye kidato cha nne, anza na mia utoe saba, kisha saba tena, huku mgeni anakutazama. Je, mama aliyeshika jembe tangu utotoni? Kipimo hicho kilitungwa Marekani mwaka 1975, na kinataka kalamu na hesabu. Kwa asiyesoma kinaweza kupima shule aliyoikosa.

Watafiti waliliona hilo hapa hapa Tanzania, wilayani Hai, wakaunda kipimo kiitwacho IDEA, chenye vipengele sita. Hakuna kalamu. Mzee anaulizwa daraja ni nini, leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani. Anataja wanyama kwa dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kufuata mfano, anakumbuka maneno kumi aliyosomewa. Njiti mama anazijua.

Lakini ulitaka nikwambie mama ni mzima, na hilo sitalisema. Hai kwenyewe, takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikutwa na dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu. Ugonjwa upo, na si uchawi wala uzee tu. Kipimo kifupi, hata kilicho kizuri, kinaonyesha nani achunguzwe zaidi, basi.

Na kuna jambo umeliandika kwa mstari mmoja ukalipita: baba alifariki mwaka jana. Mbona uliharakisha? Mjane aliyeacha kula vizuri, asiyelala, asiyetaka kuongea na majirani, anaweza kuwa na sonona, na sonona humfanya mtu asahau kama mgonjwa wa dimensia. Ila sonona inatibika. Masikio mazito, upungufu wa homoni za tezi ya shingo na baadhi ya dawa navyo huvuruga kumbukumbu.

Mrudishe hospitali. Omba aulizwe kwa Kinyiramba, nawe usimjibie, najua utatamani. Mweleze daktari kilichobadilika nyumbani: chumvi kutiwa mara mbili, kupotea njia anayoijua. Mweleze pia kwamba bado anajua kila kuku wake anatagia wapi. Hayo yana uzito zaidi kuliko unavyodhani.

Kaka zako waambie dakika kumi hazitoshi kuuza shamba la mtu. Na kabla ya lolote mumuulize mwenyewe, asubuhi akiwa amepumzika, mbele yenu nyote.