Jina la Mahali katika Vitendakazi vya Kurekodi Data: Mfano wa Visiga

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza matumizi ya jina la mahali katika vitendakazi vya kiolesura, yaani njia ambayo kwayo programu moja huiagiza nyingine iweke au itoe taarifa. Kitendakazi ni sehemu ya programu iliyopewa jina, inayopokea vijalizo maalumu na kurudisha jibu. Mfano unaotumika ni DHIS2, mfumo uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Tanzania iliueneza katika miaka ya 2010 kwa ajili ya takwimu za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya.

2.0 Kitendakazi na Kitenzi

Kitendakazi kinakaribiana na kitenzi elekezi. Kama vile kitenzi "andika" kinavyodai yambwa, kitendakazi cha kurekodi katika DHIS2 hudai vijalizo vinne vya msingi: kipengele cha data, kipindi, kituo na thamani. Hivyo, idadi ya wagonjwa wa malaria ya Machi 2024 huambatana na kipindi kinachoandikwa 202403. Tofauti iliyopo ni kwamba msemaji anaweza kudondosha yambwa, kwa kuwa "nimeshaandika" hueleweka kwa muktadha. Kitendakazi hakina muktadha. Hakijui ila kile kilichotajwa.

3.0 Visiga Ipi?

Jina la mahali, kama Visiga ya Kibaha katika Mkoa wa Pwani, laweza kutajwa zaidi ya mahali pamoja. Abiria wa barabara ya Morogoro akisema "nashuka Visiga", kondakta haulizi ni ipi, kwani njia yenyewe imekwisha kujibu. Programu haina njia ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo DHIS2 humpa kila kituo kitambulisho cha herufi na tarakimu 11, kinachoanza na herufi. Hata hivyo, kiolesura chake huruhusu pia kituo kitajwe kwa msimbo au kwa jina, na hapo ndipo utata wa lugha ya kawaida unapoingia katika mashine.

Tuseme programu ya zahanati inatuma wagonjwa 40 kwa jina "Visiga" pekee. Taarifa ikikataliwa, kosa huonekana na kusahihishwa. Ikipokewa kwa kituo kingine, kosa hunyamaza. Muhtasari unaorudishwa hueleza ni rekodi ngapi zimeingizwa, zimebadilishwa au zimepuuzwa. Rekodi iliyokwenda pasipo pake huhesabiwa miongoni mwa zilizoingizwa. Hata uwezo wa kufanya jaribio bila kuhifadhi hautalifichua. Matokeo yake ni wilaya moja kuonekana ina wagonjwa isio nao, na nyingine kupangiwa dawa pungufu.

4.0 Hitimisho

Imebainika kwamba jina la mahali hufanya kazi mbili ambazo yafaa zitenganishwe. Kwa binadamu, fomu ionyeshe jina pamoja na ngazi zilizo juu yake: Visiga, Kibaha, Pwani. Kwa mashine, kitendakazi kipelekewe kitambulisho peke yake. Aidha, wanaoandaa istilahi za kompyuta kwa Kiswahili hawana budi kutofautisha "jina" na "kitambulisho" kwa uthabiti, kwani mwongozo unaoyachanganya maneno hayo humfundisha mwandishi wa programu kosa lenyewe.