Taa ya Oili Ikipepesa, Usikimbilie Pampu Kubwa

Gari limesimama kwenye foleni ya Barabara ya Uganda, katikati ya Eldoret, na taa nyekundu ya oili inapepesa. Ukikanyaga mafuta inazimika. Madereva wengi wakiona hivyo huenda moja kwa moja dukani kutafuta pampu mpya ya oili. Wenye Subaru huenda hatua moja zaidi: wamesikia kuna pampu kubwa inayoingia kwenye injini ileile, nao wanaitaka hiyo. Ombi langu kwao ni wapime kwanza.

Pampu kazi yake ni kusukuma oili. Presha hutokana na oili kubanwa inapopita kwenye upenyo mwembamba kati ya kranki na beringi zake. Beringi zikilika, upenyo hupanuka, oili hupita bila kubanwa na presha hushuka hata pampu ikiwa mpya kabisa. Pampu kubwa itainua sindano ya geji kidogo, lakini beringi zitaendelea kulika, na siku injini itakapoanza kugonga utakuwa umelipia pampu na kranki bado inakudai. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Corolla au Legacy ya miaka ya 1990 iliyo mikononi mwako imekwisha kutembea sana kwenye barabara zetu. Beringi zake zina kila sababu ya kuwa zimechoka.

Anza na vitu rahisi. Angalia kiwango cha oili na uinuse: ikinuka petroli, imekuwa nyepesi. Swichi ya presha, ile inayowasha taa, huharibika yenyewe na bei yake si kitu ukilinganisha na pampu. Baada ya hapo mwambie fundi afungue swichi hiyo na kufunga geji ya mkono mahali pake. Tundu la Toyota na Subaru lina nyuzi za BSPT za moja ya nane ya inchi. Nyuzi za Kimarekani za NPT hukaribiana nazo mno, na zikilazimishwa huharibu tundu kwenye injini.

Pima injini ikiwa imepata moto kweli. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa baridi yetu ya asubuhi oili huwa nzito, hivyo geji husoma vizuri hata kwenye injini mbovu. Iache ingurume mpaka feni ya rejeta ijizungushe mara mbili au tatu, ndipo usome. Kwa Toyota 4A-FE na 5A-FE, presha isipungue psi 4 injini ikinguruma bila kukanyagwa, na kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika iwe kati ya 36 na 71. Injini nyingine zina vipimo vyake, vitafute kwenye kitabu cha gari.

Presha ikiwa chini injini isipokanyagwa lakini nzuri kwenye mizunguko ya juu, shuku beringi au oili nyepesi. Ikiwa chini kila mahali, sasa ndipo pampu inaingia kwenye mashaka, pamoja na vali ya kupunguza presha iliyokwama na chujio la ndani ya sampu. Chujio hilo nalitaja kwa uchungu, kwa sababu kinacholiziba mara nyingi ni silikoni nyekundu iliyopakwa kupita kiasi sampu ilipofungwa mara ya mwisho. Na kama taa inabaki imewaka gari likitembea, zima injini hapohapo, uvutwe hadi gereji.

Kwenye Subaru za injini ya EJ kuna ugonjwa mmoja unaojulikana: skrubu za bamba la nyuma la pampu hulegea. Oili huvuja ndani kwa ndani na presha hushuka, ilhali pampu yenyewe ni nzima. Fundi makini huitoa, husafisha skrubu, huzipaka gundi ya kushikilia nyuzi na kuzikaza upya. Hapo umeokoa pesa ya pampu.

Je, pampu kubwa ina nafasi yake? Ndiyo. Rota za pampu za EJ hutofautiana unene, kuanzia milimita 7 hadi 12. Injini ya turbo iliyojengwa upya kwa nguvu zaidi, inayozungushwa juu muda mrefu, huhitaji oili nyingi, na hapo milimita 11 inaeleweka. Gari la familia lisilo na turbo linatoshwa na milimita 10 au saizi yake ya kiwandani. Pampu kubwa hula nguvu ya injini, na oili inayozidi hurudishwa na vali bila kufanya kazi yoyote. Kwa mwinuko wetu, injini isiyo na turbo imeshapoteza karibu moja ya tano ya nguvu kwa hewa nyepesi. Kwenye kupanda kutoka bonde la Kerio kupitia Tambach hadi Iten, kilichobaki unakihitaji.

Ukiamua kubadilisha, kumbuka kwamba pampu ya EJ iko nyuma ya taiming belti. Belti na rola zake zikiwa na umri, zibadilishe siku hiyohiyo, pamoja na sili ya kranki. Oringi iliyo kati ya pampu na injini iwe mpya na ikae kwenye mfereji wake. Ikiteleza, kazi yote inarudiwa. Pampu ijazwe oili safi kabla ya kufungwa. Gari lisiwashwe papo hapo: fundi achomoe fyuzi ya pampu ya petroli, azungushe injini kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike, kisha airudishe fyuzi na kuwasha. Funga geji ya mkono tena, usome injini ikiwa moto, na uandike namba hizo kando ya zile za mwanzo.

Oili chafu iliyotoka ikusanywe kwenye mtungi wenye kifuniko. Mitaro ya mji huishia Mto Sosiani, na kuna watu na mifugo wanaotumia maji hayo huko chini.