Karata Zilitoka Wapi?

Jioni, watu wanapocheza karata barazani, twasikia maneno kopa, uru, shupaza na pau. Kila mchezaji ajua kwamba kopa ni alama nyekundu yenye umbo la moyo, na uru ni nyekundu yenye pembe nne. Shupaza ni nyeusi, mfano wa jani lenye ncha, na pau ni nyeusi yenye majani matatu. Lakini maana ya asili ya maneno hayo ni nyingine kabisa. Kopa ni vikombe, uru ni dhahabu, shupaza ni panga, na pau ni marungu. Je, moyo ulipataje kuitwa kikombe?

Wataalamu wengi wakubali kwamba karata zilianza China, nchi iliyotangulia kutengeneza karatasi. Baadhi ya karata za kale za huko zilikuwa na alama za sarafu.

Baadaye twazikuta karata Misri, katika enzi ya masultani wa Kimamluki. Mwaka 1931 mtaalamu L. A. Mayer alizikuta karata za Wamamluki katika jumba la Topkapi, mjini Istanbul, Uturuki. Baadhi yake zilikuwa zimepotea, lakini zilipokuwa kamili zilikuwa 52, sawa na zetu. Alama zake nne ni vikombe, sarafu za dhahabu, panga, na fimbo za polo, yaani mchezo wa mpira unaochezwa juu ya farasi. Kila alama ilikuwa na karata 13: kumi za hesabu, kisha mfalme, naibu, na naibu wa pili. Sura za watu hazikuchorwa. Vyeo hivyo viliandikwa kwa Kiarabu.

Neno hilo naibu, ambalo sisi pia twalitumia, lilisafiri pamoja na mchezo. Mwaka 1377 mji wa Florence, Italia, ulitoa amri ya kuzuia mchezo mpya ulioitwa "naibbe". Waspanyola nao huita karata "naipes".

Watu wa Ulaya hawakuujua mchezo wa polo, kwa hiyo fimbo zake ziligeuzwa kuwa marungu. Kisha, yapata mwaka 1480, Wafaransa walibuni alama nyepesi: moyo, pembe nne, jani lenye ncha na majani matatu. Hizi zilipigwa upesi kwa rangi mbili tu, nyekundu na nyeusi. Karata zikawa rahisi, zikaenea nchi nyingi.

Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakaishika Ngome ya Yesu, Mombasa, mpaka mwaka 1698. Katika lugha yao alama hizo ni "copas", "ouros", "espadas" na "paus". Karata nayo yatokana na "carta", na turufu yatokana na "trunfo". Wareno waliondoka, lakini maneno yao yalibaki. Zilipoenea karata zenye alama za Kifaransa, majina ya zamani hayakuachwa, bali yalitiwa juu ya alama mpya. Ndiyo sababu moyo huitwa kikombe.

Kwa hiyo, kijana asimcheke mzee asemapo shupaza au uru, wala asidhani ni maneno yasiyo na maana. Katika maneno hayo mna habari za panga na dhahabu zilizochorwa Misri zaidi ya miaka 500 iliyopita. Karatasi huchakaa na kutupwa, lakini neno likitunzwa hudumu.